Siku Tulipoenda Kuposa kwa Gari la Kijerumani

Mdogo alinunua gari la Kimarekani, mkubwa akanunua la Kijerumani, na mimi shangazi yao, niliyewalea tangu kaka yangu alipofariki, nilijua papo hapo ni lipi nitakalosimama mbele yake kupiga picha ya kupeleka Morogoro.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha, na tulikuwa tunakaa Gaithersburg, Maryland, mimi na mdogo, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Mimi nilikuwa nawahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Mdogo alifanya kazi za jioni hospitalini, kusafisha vyombo vya upasuaji. Mkubwa alikuwa mtu wa kompyuta. Wakati ule dunia nzima ilikuwa inaogopa kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zitachanganyikiwa, basi waliojua kuzitibu walibembelezwa kama maharusi. Ndiyo maana akapata nyumba yake mwenyewe, na ndiyo maana akapata Mjerumani wake.

Niseme ukweli, lilikuwa gari zuri. Jeusi, milango miwili, limeinama mbele kama paka anayenyemelea. Mkubwa alilinunua si kwa sababu ya kumfikisha kazini, maana hata basi lingemfikisha, ila kwa mbio zake na kwa sauti yake. Alikuwa ananieleza habari za injini na mimi naitikia kama ninayesikiliza mahubiri kwa lugha ngeni. Ukikanyaga mafuta, mgongo unagandamizwa kwenye kiti. Ukipita kwenye shimo, unalihesabu shimo kwa uti wa mgongo. Nilipolalamika, mkubwa alinijibu, "Shangazi, hiyo ndiyo suspension ya Kijerumani. Unatakiwa u-feel barabara." Nikasema kama ni kuihisi barabara, mimi niliihisi vya kutosha nikiwa mtoto, kwa miguu mitupu.

La mdogo lilikuwa la kahawia, refu, pana, liliundwa hukohuko Marekani na mzee mmoja wa Kizungu alikuwa amelitumia miaka mingi kabla ya kuliuza. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja, kirefu kama benchi, wanakaa watu watatu wala hawagusani mabega. Halikuwa na mbio. Likipinda kona linayumba kidogo, kama mama mjamzito anayegeuka jikoni. Mkubwa aliliita "sofa lenye matairi," na kila alipolitaja hivyo mimi nilicheka.

Sasa sisi watu wa kwetu tunajuana. Tulitoka nyumbani tukiamini kwamba kitu cha nje ndicho kitu. Kitenge cha nje, redio ya nje, hata dawa ya kikohozi, ikiandikwa maneno usiyoweza kuyasoma, ndiyo inayoponya. Tulipofika huko nje kwenyewe tukakuta na wao wana nje yao, na nje yao ni Ujerumani. Jumapili baada ya ibada wanaume walisimama kwenye maegesho ya kanisa na kubishana. Mmoja anasema la Kimarekani vipuri vyake unapata popote, fundi yeyote analifungua, bima yake nafuu. Mwingine anamuuliza, umevuka bahari yote hii uje kuendesha gari wanaloendesha vibibi? Watu wanacheka, hoja imekwisha. Na aliyechekwa, mwaka haupiti, utamwona naye amekuja na Mjerumani au Mwitaliano, na mke wake amekaa ndani amenyoosha shingo.

Mimi sikuwa na mume wa kuninunulia gari, nilikuwa na watoto wa kaka yangu. Mdogo ndiye aliyenipeleka kanisani, na kila Jumapili nilimwambia anishushe kwenye kona kabla ya maegesho, eti ninyooshe miguu. Alinishusha. Hakuuliza. Halafu gari lenyewe lilianza kuwa na harufu, harufu chachu inayokaa kwenye vitambaa vya viti, na kila nilipoingia nilifungua kioo hata kama nje kuna theluji. "Wewe baba, unalala humu na mbwa?" nilimwambia. Naye akajibu vilevile siku zote, "Nitaliosha, Shangazi." Na kweli alikuwa analiosha. Nilimwona mara nyingi kwenye maegesho yetu na ndoo na brashi, amepiga magoti anasugua kiti cha nyuma, na mimi dirishani nikasema moyoni, kijana huyu mchafu jamani, kila siku kusugua na kila siku linanuka.

Basi mdogo akapata mchumba. Msichana wa Kikenya, nesi, anakaa na mama yake Springfield, upande wa Virginia. Nilifurahi mpaka nikapika. Baba wa binti alikuwa amefariki, kwa hiyo wa kupokea posa walikuwa mama yake na mjomba wake. Kwa upande wetu nilimtafuta mshenga, mzee mmoja wa kanisani kwetu aliyefanya kazi ubalozini miaka mingi na anayejua kuzungumza na watu wasiojuana. Mposaji mwenyewe haendi, huo ndio utaratibu. Anakaa nyumbani anasubiri kama mtu aliyepeleka damu maabara.

Jioni moja tukakaa kupanga. Mdogo akasema, "Chukueni gari langu. Mtakaa kwa nafasi, na mzee mgongo wake unamsumbua."

Mkubwa akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Twende kuposa na sofa? Wakenya wale, bwana! Wataangalia gari kabla hawajaangalia sura zetu. First impression ni moja tu."

Mdogo akanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Nilikuwa ndiye mkubwa wa ukoo pale, neno langu lingekuwa la mwisho. Lakini nilishajiona nikishuka kwenye lile gari jeusi, kitenge kipya, kilemba kimesimama, wanawake wa Kikenya wakikonyezana. Nikasema, "Kaka yako amesema kweli. Siku ya posa si siku ya kuonyesha shida zetu." Mdogo akainamisha kichwa, akasema sawa.

Jumamosi tukaondoka. Mzee mshenga alikaa mbele, kwa heshima yake na kwa mgongo wake. Mimi nikaingizwa nyuma. Nasema nikaingizwa kwa sababu sikuingia mwenyewe. Mkubwa alibonyeza kitu, kiti cha mbele kikaanza kusogea chenyewe kwa umeme, taratibu, kinanguruma, nami nikapenya ubavu huku kapu la zawadi likinitangulia. Mimi si mwanamke mdogo. Tangu barabara kuu ya kushuka kutoka Gaithersburg, tukavuka mto Potomac, mpaka kule Springfield ambako barabara zimepishana juu na chini kama nyuzi zilizomponyoka mfumaji, magoti yangu yalikuwa jirani na kidevu na kilemba kimekwama kwenye paa. Lakini nilikuwa na furaha. Kila tulipolipita gari nilisema moyoni, kumbe ndivyo wanavyojisikia.

Tukafika. Nyumba ilikuwa imejipanga na wenzake kwenye mtaa tulivu, na wanawake wanne au watano wamesimama mlangoni na leso zao, ndizo kanga kwetu, tayari. Mara tu gari liliposimama wakaanza kuimba wimbo wa kutupokea. Kwao, kama kwetu, wageni wa posa wanaimbiwa mpaka wafike mlangoni, halafu wanazuiwa kidogo, wanaulizwa wametoka wapi na wanataka nini, ndipo waingie. Mzee mshenga alitoka kwa kujishika mlango, akasimama, akanyoosha mgongo. Mkubwa akatoka, akavaa miwani ya jua. Zamu yangu.

Kiti kikaanza kusogea, kinanguruma. Kikasogea nusu, kikasimama. Mkubwa akabonyeza, kikarudi nyuma, kikanibana magoti. Akabonyeza tena. Wanawake wakaimba mpaka wimbo ukaisha. Wakatazamana, wakauanza upya. Nikaamua kutoka hivyohivyo. Nikatoa mguu mmoja, kiatu kikaanguka. Nikatoa kichwa, kilemba kikabaki ndani. Kiwiliwili kikakwama katikati, mkanda wa kiti umenizunguka kiunoni, na nikagundua siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Wimbo wa pili ukafifia, mmoja mmoja akanyamaza, ukabaki mlio wa kile kiti tu.

Mjomba wa binti, mwanamume mkubwa mwenye koti la suti, akaja mwenyewe. Akanishika mikono miwili, mkubwa akanisukuma kwa nyuma, na nguo yangu ikachanika ubavuni. Watu wote waliisikia. Nilitoka kama nilivyozaliwa, kichwa kwanza, nimevutwa. Nikasimama barabarani mbele ya wakwe, nywele nje, mguu mmoja mtupu, mkono umeshika mpasuko wa nguo. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepona. Walitazama chini kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko kicheko chochote nilichowahi kuchekwa.

Mlangoni hawakutuzuia wala kutuuliza maswali. Walitupitisha tu, kwa huruma. Mzee mshenga aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua siku imeharibika.

Ndani walitukalisha vizuri. Jikoni kulikuwa na harufu ya kuku na chapati, lakini chakula cha posa hakiliwi kabla ya maneno kusikilizwa. Mama wa binti alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mwembamba, amejifunika leso mabegani, anatabasamu kidogo. Mjomba akatukaribisha. Halafu akasema, "Sasa, kabla hatujaanza mambo yetu, hiyo gari iko nje ni ya nani? Ni ya kijana?"

Swali lilikuwa la mshenga. Siku hiyo mshenga ndiye mdomo wetu, sisi wengine hatuna midomo. Mzee alikuwa ameshavuta pumzi ajibu. Lakini mkubwa, ambaye nadhani alitaka kuifuta aibu ya nje, akamtangulia.

"Hapana mjomba, ni yangu. Ya mdogo wangu ni lile toroli la kahawia, sijui mmeshaliona? Tumelificha nyumbani." Akacheka. "Tusingeweza kuja kwenu na kitu kile, tungekuwa tumewavunjia heshima. Lakini don't worry, wakishaoana tu, mimi mwenyewe nitampa gari la maana. Lile tutawapelekea watu wa vyuma chakavu."

Na mimi nikacheka. Nilikuwa na njaa ya kitu cha kucheka, nguo nimeishikilia kwa mkono, nikacheka kwa sauti. Kicheko changu kikazunguka sebule ile peke yake, kikarudi.

"Toroli," alisema mama wa binti, polepole. "Hiyo toroli ndiyo hunipeleka kuoshwa damu."

Akasema figo zake zilikufa miaka miwili iliyopita. Akasema binti yake huwa kazini asubuhi, mjomba naye anakaa mbali, na kijana wetu, kwa kuwa yeye kazi yake ni ya jioni, ndiye anayekuja kutoka Gaithersburg kumpeleka kwenye mashine na kumrudisha. "Nikitoka kwa hiyo mashine sina miguu. Kuna watu wa kanisa letu wako na magari kama hiyo yenu. Walinibeba mara moja, nikashindwa kutoka, vile wewe mama umeshindwa saa hii. Nililia kwa barabara. Hiyo ya kijana mlango inafunguka yote, naketi tu kama kwa kiti ya nyumba. Nikitaka kulala, nalala huko nyuma. Nikitapika, anaosha. Hajawahi nionyesha uso mbaya."

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Nilikaa kwenye kochi la watu na harufu ile ikanijia puani, harufu chachu ya viti vya kahawia, na nikamwona mtoto wangu amepiga magoti na brashi huku mimi dirishani namwita mchafu. Kazi yangu ilikuwa kuwaogesha wagonjwa. Harufu ya matapishi ya mgonjwa niliijua kuliko nilivyojua manukato. Nilikuwa nimeinusa na nikakataa kuijua, kwa sababu ilitoka kwenye gari nisilolitaka.

Mzee mshenga akajaribu. Akasema ulimi hauna mfupa, akasema vijana wa siku hizi, akaomba radhi kwa niaba yetu kwa maneno mazuri ya Kitanzania, marefu. Mjomba akamwacha amalize.

"Mzee, wewe tumekusikia," alisema. "Lakini nyinyi Watanzania mko na maneno mengi, na sisi kwetu mgeni akikosea siku kama hii kuna faini."

Faini hata kwetu ipo. Mkichelewa mnatozwa, mkikosea kusalimia mnatozwa, na kwa kawaida ni mzaha, watu wanatoa chochote na kucheka. Mkubwa akaanza kutoa pochi. Mjomba akamwonyesha kiganja arudishe.

"Pesa hatutaki. Hiyo gari mmetusi, nenda uilete. Muingie ndani yake wote watatu, muje hapa upya, kama watu hatujawahi kuona leo. Hapo tutawasikiza. Na kama hamwezi kuonekana ndani yake, basi rudini nyumbani na tutajua msichana wetu angeolewa na watu wa aina gani."

Mkubwa alitabasamu akisubiri watu wacheke. Akanitazama. Nikamwambia, "Nenda, baba."

Ni mwendo mrefu Springfield mpaka Gaithersburg na kurudi, na Jumamosi ile magari yalikuwa yamejaa barabara zote. Mzee mshenga alizungumza na mjomba habari za siasa za kwao na za kwetu mpaka zikawaishia. Mimi mama wa binti aliniita chumbani kwake. Akatoa sindano na uzi, akaniambia nigeuke, akaanza kuushona ule mpasuko nikiwa nimevaa nguo. Nilikataa, akasema nisimame vizuri nisije nikachomwa. Kwenye mkono wake niliona uvimbe wa mshipa, ule wanaochomwa watu wa mashine, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kidogo lakini mishono ilikuwa midogo na iliyonyooka.

"Kijana hakuwaambia?" aliniuliza.

"Hakutuambia."

"Nilimwambia aseme nyumbani. Alisema hapana, watu watadhani ananunua mke kwa lifti." Akakata uzi kwa meno. "Mumemlea vizuri."

Sijawahi kusifiwa vibaya vile. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilikuwa nashushwa kwenye kona. Sikumwambia, maana nilikuwa mbele ya mkwe na posa bado mikononi mwetu, na nikajiambia kwamba ninanyamaza kwa ajili ya kijana. Labda ni kweli. Labda niliogopa tu kuonekana na macho yale. Akaniletea chai, yeye mwenyewe akatia kipande cha barafu mdomoni, kwa sababu maji alikuwa anapimiwa. Nilikunywa chai yangu nikiona haya hata ya kiu yangu.

Jua lilikuwa limeshuka kidogo tulipolisikia. Haukuwa mngurumo wa Mjerumani; gari lile la kahawia lilikuwa linaguna tangu mwanzo wa mtaa. Mkubwa alikuwa amevua miwani. Tukatoka nje, mzee mshenga akakaa mbele, na mimi nikakaa mbele pia, katikati yao. Tukazunguka mtaa mzima polepole. Tulipopinda kona ya mwisho nikamuuliza mkubwa, "Umemwambia nini mdogo wako?"

"Nimemwambia langu limewasha taa ya injini. Nikaogopa lisije likatugomea mbele ya wakwe."

Ningeweza kumkaripia. Sikumkaripia. Nilishusha pumzi, kwa kweli, kwamba aibu yetu imepata kifuniko.

Wanawake walitoka tena mlangoni, wakaimba tena, na safari hii mlango wa gari ulifunguka wote, nikateremka kwa miguu yangu, kilemba kichwani. Tukazuiwa mlangoni, tukaulizwa tumetoka wapi. Mzee mshenga akajibu, na sisi wengine hatukuwa na midomo. Posa ikapokelewa. Binti akateremshwa, akaulizwa kama anawajua watu hawa, akasema anawajua. Vigelegele vikapigwa, tukala chapati zilizokwisha kupoa, na mjomba akanipakulia kuku mara mbili, akiniita mkwe. Mkubwa alikula akiangalia sahani.

Tulirudi Gaithersburg jioni, tukamshusha mzee kwake, tukaingia kwenye maegesho yetu. Mdogo alikuwa amesimama pale chini, karibu na gari jeusi la kaka yake. Alikuwa ameliosha. Matairi, vioo, lote linang'aa, ndoo pembeni. Alipotuona hakukimbilia kuuliza kama posa imekubaliwa. Alifungua mlango wa upande wangu, akanipa mkono niteremke.

"Shikamoo, Shangazi," alisema. "Nisamehe."

Niliitikia marahaba nikiushikilia mkono wake uliolowa.

"Siku zote zile haliharibiki, linaharibika leo," alisema, akimaanisha la kaka yake. "Mlitaka angalau leo tu msionekane na gari langu. Nimewatia aibu kwa wakwe. Mama yule hawezi kusema, ni mpole, lakini wale ndugu zake... Walisema nini, Shangazi? Walicheka?"

Mkubwa alikuwa amesimama upande wa pili na funguo mkononi. Nilimtazama aseme. Akazitazama funguo.

Basi nikasema mimi. Nikamwambia posa imepokelewa. Nikamwambia hawakucheka. Nikamwambia kwamba wao wenyewe ndio waliolitaka gari lake, kwamba walituambia turudi nalo, kwamba bila gari lile tungekuwa tumefukuzwa, kwamba mama yule amenieleza yote. Nikamwambia ni gari zuri. Nililisema neno hilo kwa mara ya kwanza, nikiwa nimeliwekea mkono juu ya boneti lake lenye joto, na nikasikia nilivyolitamka, kama mtu anayejaribu Kijerumani.

Mtoto wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatabasamu, akanishika bega kwa upole, vile tunavyowashika wale wazee wetu kazini wanapoanza kuchanganya mambo.

"Asante, Shangazi," alisema. "Najua unanipoza tu."

Akachukua ndoo yake, akatangulia kupanda ngazi. Alikuja kuamini wiki iliyofuata, alipoambiwa na mchumba wake.